Odita anafika watu washaapishwa

Wacha nianze na kalenda, manake ukishaielewa hutashangaa tena mbona hakuna mwanasiasa anayekosa usingizi juu ya ukaguzi wa pesa za kampeni. Mwaka wa fedha hapa kwetu Kenya unafungwa 30 Juni. Uchaguzi mkuu nao Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kampeni za 2022 ziliruhusiwa rasmi kutoka 29 Mei hadi 6 Agosti, kwa hivyo ule mwezi wa kwanza uliingia kwa vitabu vya mwaka uliokuwa unaisha, halafu Julai na zile siku chache za Agosti, yaani wakati wenyewe chapaa inatembea, zikaangukia mwaka mpya. Mwaka huo mpya ukafungwa 30 Juni 2023. Sheria inakipa chama miezi 3 kupeleka hesabu kwa Mkaguzi Mkuu, hapo tumefika Septemba 2023, na Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 tangu mwaka ufungwe, hapo sasa ni Disemba.

Sasa weka hiyo kando ya mambo mengine. Mahakama ya Juu iliamua kesi ya urais 5 Septemba 2022. Rais akaapishwa Kasarani 13 Septemba. Kesi za wabunge na magavana zina siku 28 za kufunguliwa na miezi 6 za kusikizwa, na huko kwa rufaa hakuna mtu anakuja na ushahidi mpya hivi hivi tu. So ripoti ya vile chama kilitumia pesa ya umma wiki zile za mwisho inatoka wakati jaji ashaandika uamuzi, mheshimiwa ashazoea kiti, na yule kijana aliyekuwa analipa watu pale kwa uwanja ashabadilisha kazi na laini ya simu. Na 2027 ni vilevile. Kura ni 10 Agosti, vitabu vinafungwa siku 41 kabla yake, na hizo siku 41 utazisoma mwisho wa 2028 kama kila mtu atafanya kazi yake kwa wakati, jambo ambalo mimi sitaweka bet.

Nasema haya kama mtu wa vitabu, si kama mwanasiasa. Nafanya uhasibu wa kibarua, ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Ngara juu ya duka la spea, na wateja wangu ni sako ndogondogo, makanisa, mama mmoja wa kuuza viti vya kukodisha, na kuna wakati nilikuwa napigiwa simu na chama cha siasa, sitakitaja, nikakae nao nipange makaratasi kabla maodita hawajaja. Si chama kikubwa cha kutisha na si kidogo cha mkoba. Kilikuwa kinapata mgao kutoka Hazina ya Vyama vya Siasa, ndio maana ilibidi kiwe na vitabu vya kueleweka, na ndio maana walikuwa wananihitaji.

Kwa wale hawajui, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 ndiyo iliyoweka hiyo Hazina ya vyama, inasimamiwa na Msajili wa Vyama pale Lion Place, Waiyaki Way. Inafaa kupata si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Piga hesabu mwenyewe, KRA, wale wa ushuru, wakikusanya trilioni 2 hiyo ni bilioni 6. Vyama vimelia miaka nenda miaka rudi kwamba haifiki hapo, ODM wamepelekana kortini na serikali juu ya mabilioni ya malimbikizo mpaka hiyo kesi imekuwa sehemu ya siasa yenyewe. Kinachofika kinagawanywa zaidi kwa kura, sanasana asilimia 70 kwa kura ambazo chama kilipata uchaguzi uliopita tangu sheria ibadilishwe 2022, nyingine kwa idadi ya waliochaguliwa na kwa wale wa makundi maalum.

Hapo kuna kitu watu hupita nacho haraka. Pesa inagawanywa kwa kura za uchaguzi ULIOPITA. Yaani si pesa ya kukusaidia kufanya kampeni, ni asante ya kampeni uliyomaliza. Kijana anayetaka uwakilishi wa wadi Mathare 2027 kwa chama kilichosajiliwa juzi hapati hata shilingi, na mgombea huru ndiye kabisa hayuko kwa hiyo hesabu, na ukiwa kwa chama kikubwa bado wewe kama mgombea huoni kitu, pesa inaishia makao makuu. Kwa hivyo tukisema Kenya ina ufadhili wa umma wa kampeni tunajipaka mafuta kidogo. Tuna ufadhili wa umma wa ofisi za vyama.

Na sheria imesema hizo pesa zifanye nini. Angalau asilimia 30 ziende kwa kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wanaoishi na ulemavu na jamii ndogo. Matumizi ya ofisi yasizidi asilimia 30. Zingine ziende kwa elimu ya uraia, kutangaza sera, gharama za uchaguzi za chama. Halafu kuna katazo tamu sana, kwamba pesa hizo zisilipwe kama marupurupu wala zawadi kwa mwanachama au mfuasi, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa mfanyakazi wa chama. Soma hiyo tena ukikumbuka vile mkutano wowote wa siasa Nairobi unavyokuwa. Nani anakuja mkutano wa chama bila nauli?

Sasa ndio unaelewa mbona vitabu vya vyama vimejaa warsha. Warsha ya uwezeshaji wa wanawake, warsha ya vijana viongozi, warsha ya mafunzo ya mawakala, mkutano wa mashauriano wa kaunti, kila kitu ni warsha manake warsha ina ukumbi na ukumbi una risiti na risiti inapendwa na odita. Mimi nilikuwa nakaa na mafaili ya warsha mpaka naota projekta. Na si kwamba hazikufanyika, nyingi zilifanyika, watu walikula samosa, picha ziko. Lakini hakuna odita hata mmoja aliyeniuliza zile warsha zilizaa wagombea wangapi wanawake na wangapi walipita mchujo. Katiba, kifungu cha 229, inasema ripoti ya ukaguzi ithibitishe kama pesa ya umma ilitumika kihalali NA kwa njia ya kufaa. Hiyo nusu ya pili nimeiona ikitajwa sana kwa mambo ya barabara na hospitali, kwa vyama sijawahi kukutana nayo kwa meza yangu. 2022 tulipata magavana wanawake 7 kati ya 47. Pengine warsha zilisaidia, pengine walijipigania wenyewe na pesa zao na damu yao, mimi nina maoni yangu, lakini odita angeuliza tungejua.

Haya, tukuje kwa karatasi ambayo mimi naona ndiyo roho ya hii biashara yote. Orodha ya malipo ya mawakala.

Uchaguzi wa 2022 ulikuwa na vituo vya kupigia kura 46,229. Chama kikitaka wakala mmoja tu kwa kila kituo, kila mmoja apewe 1,000 ya siku, chakula na nauli humo humo, hiyo ni zaidi ya milioni 46 kwa siku moja, na hapo sijahesabu wale wa vituo vya kujumlisha kura, mafunzo ya mbeleni, na yule wa kumletea simu ya pili ya kwanza ikizima. Na hiyo ni gharama halali kabisa, ya maana kabisa, wakala ndiye anaweka sahihi fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ukikosa wakala usije kulia Mahakama ya Juu. Sasa hizi pesa zinalipwaje? Ukiuliza kwa ofisi watakwambia kwa M-Pesa, kwa orodha, kila mtu na namba yake ya kitambulisho. Ukienda chini unapata mratibu wa eneo bunge amepewa donge zima, yeye anagawia waratibu wa wadi, wa wadi anagawia watu wake, na orodha inarudi Nairobi wiki tatu baadaye imejaa sahihi ambazo zote zimeandikwa na kalamu moja ya buluu, na mkono mmoja ambao umechoka kufikia ukurasa wa nne, sahihi zinazidi kuwa fupi mpaka mwisho ni mkwaruzo tu.

Niliwahi kumuonyesha mwekahazina, mzee wa heshima zake, alikuwa mwalimu mkuu zamani, nikamwambia mzee, hii haiwezi kupita.

Akaangalia, akavua miwani. "Kijana wangu, unafikiri hawa watu hawakulipwa?"

Nikamwambia sijui mzee, hiyo ndio shida, sijui.

"Walilipwa. Wengi. Huyu mratibu namjua. Labda alilipa mia saba badala ya elfu, hizo zingine ni za pikipiki yake. Sasa wewe unataka niandike nini?"

Na unajua hakuwa anadanganya. Hapo ndio nimekwama mpaka leo kwa hili jambo. Ile orodha ni ya uongo kama karatasi lakini inawezekana ni ya kweli kama tukio, na kuna orodha nyingine safi kabisa, kila sahihi tofauti, kila namba ya simu inashika, na hakuna wakala hata mmoja aliyeonekana kwa kituo. Odita anayekagua karatasi atapitisha ya pili, na ile ya kwanza ataiandikia query, yaani swali la ukaguzi. Nimeona ikitokea. Kwa hiyo chama kinajifunza nini? Kinajifunza kutengeneza karatasi nzuri. River Road kuna vitabu vya risiti vya kila aina, muhuri unachongwa ukisubiri, ulikuwa unaweza kutoka huko na historia nzima ya kampeni kwa bahasha. Hii mambo ya eTIMS imepunguza kidogo, manake sasa ankara inaenda KRA moja kwa moja na mtu wa hema anaogopa kukuandikia ankara ya kitu hakukuuzia, atailipia ushuru. Lakini mawakala hawana eTIMS. Wachezaji ngoma hawana. Vijana wa kubandika mabango usiku hawana.

Hizo zote bado ni pesa ndogo. Nasema ndogo nikimaanisha ukiweka kando ya pesa yenyewe. Kumkagua chama kwa ule mgao wa Hazina ni kumpekua mtu mfuko wa shati na pesa iko kwa soksi. Hizo chopa zilizokuwa zinapaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson kila asubuhi 2022, nani alilipa? Ukisikia "rafiki wa chama" basi hakuna ankara, hakuna baucha, na kwa vitabu vya chama ile chopa haikuwahi kuruka. Magari yaliyopakwa rangi, fulana, leso, redio za vijijini, na ile ya mwisho kabisa ya usiku wa kuamkia kura ambayo hakuna Mkenya anahitaji kuelezwa. Wazee wetu wanakumbuka 1992, wakati wa YK'92, lile kundi la vijana la kampeni ya KANU, noti ya 500 ikabandikwa jina la kiongozi wao Jirongo mitaani kwa vile ilikuwa inagawanywa, na miaka ile ile kashfa ya Goldenberg ndiyo ilikuwa inakamua Benki Kuu. Hiyo pia ilikuwa pesa ya umma kwa kampeni. Ila haikuwa na fungu la sheria.

Tulitunga sheria ya kufunga hilo shimo. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, 2013. Ukiisoma ni nzuri, naweza kusema ni nzuri kushinda nilivyotarajia, mgombea afungue akaunti ya kampeni, awe na kamati ya matumizi, mchango wa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote, mchango wa asiyejulikana usalimishwe kwa tume ya uchaguzi, IEBC, vitu kama chopa ya rafiki vihesabiwe kama mchango. IEBC iweke kikomo cha matumizi. Basi 2016 wakaweka, mgombea urais bilioni 5.2, Bunge likasimamisha sheria yenyewe mpaka uchaguzi wa 2017 upite. Agosti 2021 tume ikachapisha tena kwa gazeti rasmi, safari hii urais bilioni 4.4, wabunge wakakataa kanuni, ati hazikuletwa kwa wakati, na 2022 tukapiga kura bila kikomo. Watu wanaofaa kuwekewa kikomo ndio wanaopitisha kikomo. Na hao hao ndio wanakaa kwa kamati ya kusoma ripoti za Mkaguzi Mkuu. Siwalaumu sana kama watu binafsi, nani angejifunga kamba mwenyewe, lakini wacha tuache kujifanya ni suala la muda haukutosha.

Kuna kitu nilisoma cha New York kikanikalia. Huko jiji lina bodi yake ya fedha za kampeni tangu 1988, walianzisha baada ya kashfa zao za ufisadi, na mgombea akikubali masharti anapewa dola 8 za umma kwa kila dola 1 anayochangiwa na mkazi wa jiji, kwa mchango mdogo, mpaka kiwango fulani. Uzuri wake uko kwa mpangilio. Mgombea anapeleka taarifa ya michango na matumizi mara kwa mara kampeni ikiendelea, wanapekua mchango mmoja mmoja, wakiona haieleweki hawalipi. Yaani ukaguzi uko MBELE ya pesa. Baadaye pia kuna ukaguzi wa mwisho na ukizidisha unarudisha. Disemba 2024 walimnyima meya wa jiji mwenyewe, Eric Adams, akiwa ofisini, mamilioni ya dola, na alipojitoa Septemba 2025 alilia kwamba hiyo ndiyo iliyomuua miguu. Meya! Hebu fikiria Msajili wetu akimwambia gavana aliyeko kitini hapati kitu kwa sababu karatasi hazijaeleweka.

Lakini Marekani hiyo hiyo ina somo lingine la kinyume. Kule kwa urais walikuwa na mfuko wa umma, mlipa ushuru anaweka alama kwa fomu dola 3 ziende huko, ukichukua hizo pesa lazima ukaguliwe, hakuna kukwepa. 2008 Obama akapiga hesabu akaona akikataa atachangisha zaidi, akakataa, na baada ya hapo wagombea wakuu wakaacha kabisa kuzigusa kwenye uchaguzi wenyewe. Ukaguzi ukabaki na meno lakini hakuna nyama. Ndio pale pale tuko sisi, ila kwa njia yetu. Chama chetu kikinyimwa mgao mwaka mmoja, kitapiga kelele kwa vyombo vya habari, halafu mwenye chama atafungua buti la gari atoe pesa zake.

Sasa nikisema hivi kwa watu wa siasa jibu huwa ni moja, na yule mzee mwekahazina ndiye aliyelisema vizuri kuwashinda wote. Tulikuwa tunakunywa chai nje ya ofisi yao, nikamwambia mzee, si tungefanya maodita wakae kwa chama kuanzia Mei, waone pesa ikitoka, badala ya kuja kuuliza mwaka ujao?

Akacheka. "Na uwatume kwa chama gani kwanza?"

Sikujibu haraka.

"Watakuja kwetu wa upinzani asubuhi na mapema, wakae na mafaili yetu wiki mbili za mwisho, akaunti ifungwe kidogo 'uchunguzi ukiendelea', mawakala wetu wasilipwe. Wale wengine watakaguliwa baada ya kura. Mwanangu, mimi nimekuwa nchi hii kitambo."

Na sina jibu kamili kwa hilo, nakubali ni hoja nzito, mtu aliyeishi Kenya ya kabla ya 2002 hawezi kuidharau. Lakini naona kuna njia ya katikati. Si lazima odita awe na nguvu za kufunga akaunti wakati wa kampeni. Awe na nguvu za KUONA tu, na za kuchapisha. Namba moja ya paybill kwa kila mgombea wa urais na ugavana, benki moja, taarifa ya kila wiki iwekwe hadharani kwa vyama vyote siku moja, saa moja. Hakuna wa kuzuiwa, hakuna wa kulengwa. Hiyo inawezekana kabisa kwa nchi ambayo mama mboga wa Gikomba ana till na anajua mauzo yake ya Jumanne iliyopita. Akaunti ambayo haina kitu wiki ambayo mgombea alizunguka na chopa kaunti sita, hiyo peke yake ni habari, hata kabla odita hajafungua mdomo.

Na kuna pesa nyingine ya umma ambayo haiko kwa vitabu vya chama kabisa na Mkaguzi Mkuu anayo tayari mkononi. Mafuta ya magari ya wizara. Posho za safari za maafisa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza mali ya umma kutumika kwa kampeni, sawa, lakini kila dereva wa serikali ana kile kitabu cha safari, tarehe, kilomita, alikoenda, na aliyemtuma. Ratiba za mikutano ya kampeni nazo ziko wazi, tena IEBC huziratibu zisigongane. Mtu akae chini na hizo mbili tu. Gari la wizara lilikuwa Kisii siku ambayo mheshimiwa fulani alikuwa na mkutano Kisii, na afisa akalipwa usiku mbili za "ukaguzi wa miradi". Ukiyapata mara moja ni bahati mbaya, ukiyapata mara thelathini hiyo ni kampeni imefadhiliwa na umma kushinda mgao wowote wa Hazina. Hakuna haja ya sheria mpya hapo. Vitabu vya wizara anavikagua kila mwaka kwa lazima, ni suala la kuamua kuvisoma kando ya ratiba ya siasa. Binafsi ningeanzia hapo kabla sijaandika query nyingine juu ya samosa za warsha.

Nikumbuke pia pesa ya mchujo. Kila uchaguzi wawaniaji wanalipa vyama ada ya kushiriki mchujo, wengi wanalipa, wachache wanapata tiketi, na ile ada ni pesa nyingi ndani ya muda mfupi sana. Hiyo inaingia kwa vitabu vya chama na inafaa kukaguliwa na inakaguliwa, ila mara nyingi utakuta iko kwa mstari mmoja tu, "mapato ya uteuzi", bila mchanganuo wa nani alilipa nini kwa kiti gani. Kama uliwania na ukalipa na ukatolewa saa nane usiku kwa cheti cha mtu mwingine, una haki ya kuuliza mstari wako uko wapi.

Maana kuuliza kunawezekana, na hapa ndio watu wetu wamelala. Sheria inataka chama kichapishe vyanzo vya pesa na matumizi yake ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kwa magazeti mawili ya kitaifa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zinawekwa kwa tovuti yake. Na kama hukupata, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, unaandika barua ya kawaida kwa ofisi ya umma, si lazima useme sababu, wana siku 21 za kukujibu. Usiandike barua ndefu ya hasira. Taja chama, taja mwaka wa fedha, taja unachotaka, weka namba ya simu, piga muhuri nakala yako wakipokea.

Ukiipata hiyo ripoti usianze na ukurasa wa maoni, hao wa maoni wanaandika lugha ya kusafisha meza. Nenda kwa aya zinazoeleza sababu za maoni, hapo ndio wanataja vitu kwa majina, masurufu ambayo hayajarudishwa hesabu, ununuzi bila zabuni, malipo bila baucha. Halafu rudi kwa zile noti za matumizi, tafuta mstari wa semina na mafunzo, uulinganishe na mwaka uliotangulia ambao haukuwa wa uchaguzi. Kama mwaka wa kura mafunzo yamepanda mara tatu, itisha orodha ya waliohudhuria, na ukipewa angalia kwanza kalamu.